Kamera Iliyonunuliwa Mara Saba

Jumatano asubuhi Mpiga Picha aliingia dukani kwa Mzee Vioo akiwa na elfu tisini mfukoni, kwenda kuinunua kamera yake kwa mara ya saba.

Aliingia kwa bashasha, kama mtu anayekwenda kumchukua mkewe kwa wakwe baada ya ugomvi mdogo. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati la pasi. Jumamosi alikuwa na harusi ya watu wanaolipa, na bwana harusi alikwisha kumpa malipo ya awali, elfu hamsini taslimu. Arobaini nyingine zilitoka kwenye mkebe wa mkewe, fundi cherehani, pesa ya sare alizozishona mwezi mzima mpaka macho yakaingia ukungu. Kabla hajatoka nyumbani, mkewe alizitia zote katika mfuko wa ndani wa suruali yake, akaushona mfuko kwa uzi mweusi, akampa wembe uliofungwa kwenye karatasi.

"Utaufumua ukiiona kamera kwa macho yako," alimwambia. "Si kwa kuisikia. Kwa macho."

Duka la Mzee Vioo lilikuwa makabati matatu ya vioo na kiti kimoja. Ndani ya makabati zilipangwa pasi, saa, redio, mashine za kunyolea, na pete za ndoa juu ya kitambaa chekundu, kila kitu na kikaratasi chake cha bei kama maiti na kibandiko chake. Watu wa mtaa walisema ukitaka kujua nani ana shida mwezi huu, usimsumbue jirani kwa maswali. Pita tu pale uchungulie. Juu ya kiti ilitundikwa picha ya mzee mwenyewe, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Mpiga Picha ndiye aliyeipiga, akaikuza, akaitia fremu, bure, kwa shukrani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Nimekuja kumchukua mwenzangu." Alikwisha kuinama mbele ya kabati la tatu, rafu ya juu, mahali pake. Mahali pake palikuwa na birika la umeme. "Mzee, mbona simwoni?"

Mzee Vioo alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Iko kwa fundi. Nimeona vumbi limeingia kwenye lenzi, nikasema hapana, kitu cha mwanangu siwezi kukiacha hivi. Nimeipeleka ikasafishwe."

"Itarudi lini?"

"Ijumaa mchana."

"Harusi ni Jumamosi, mzee."

"Na Ijumaa hutangulia Jumamosi, au kalenda imebadilika?" Mzee akacheka, na Mpiga Picha akacheka pia, kwa sababu mwenye shida huchekea hata utani uliochacha. "Lakini hiyo pesa iache hapa hapa. Pesa ikikaa nyumbani huota miguu."

Mpiga Picha alipeleka mkono kiunoni, akaukuta uzi. Akaurudisha mkono. "Mfuko umeshonwa, mzee."

"Umefanywaje?"

"Umeshonwa. Nyumbani. Wembe ninao, ila nimeambiwa..." Mteja mmoja aliyekuwa akiuza feni pembeni alijifanya anakohoa.

"Aisee," alisema Mzee Vioo polepole. "Wengine hufungiwa mlango. Wewe umefungiwa suruali."

*

Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu cherehani, meza na kitanda cha Bibi, mama yake fundi cherehani. Upande wa pili kitanda cha mume na mke na godoro la binti yao, ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Bibi alikuwa akichambua vifungo kwenye bakuli, vikubwa huku, vidogo kule.

"Umerudi mikono mitupu, mkwe wangu?"

"Iko kwa fundi, mama. Inasafishwa."

"Ahaa." Bibi akaangusha kifungo kwenye bakuli. "Mimi nimeishi miaka sabini na moja. Sijaona mtu akuoshee nguo kabla hujampa sabuni."

"Mama, mzee yule ana roho nzuri. Mara ngapi ameiweka ile kamera mpaka nikapata pesa? Angekuwa mwingine angekwisha kuiuza."

Fundi cherehani aliinua mguu kutoka kwenye pedali, akamkagua mumewe kiunoni, akauona uzi wake haujaguswa, akaendelea kushona.

Tusimlaumu mume huyu haraka. Kiwanda cha uchapaji kilipofungwa na wafanyakazi mia mbili wakatolewa nje kwa mlango wa nyuma, wenzake walikunywa kiinua mgongo chao au walikila. Yeye alinunua kamera. Nyeusi, nzito, ya mtindo uliokwisha pitwa hata siku ile. Kwa kamera ile alikaa kwenye lango la ofisi za serikali akiwapiga picha ndogo ndogo wanaoomba vyeti na leseni, na likizo za shule zilipofika, msimu wa harusi, alivaa tai. Watu walimwambia siku hizi simu zinapiga picha. Aliwajibu, "Simu inapiga sura. Kamera inapiga mtu." Lakini kila muhula ulipofunguliwa, shule ya binti yake ilitaka ada elfu arobaini siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya kengele, na mtoto asiyelipiwa alisimamishwa ukutani wenzake wapite wakimtazama. Hilo baba hakuliweza. Na kwa bahati ya ajabu, Mzee Vioo kila mara aliinunua kamera kwa elfu arobaini. Si thelathini na tisa, si arobaini na moja. Mzee alijua ada ya kila shule mjini kuliko waziri anavyoijua.

*

Alhamisi fundi cherehani alipeleka suruali kumi na mbili za michezo kwenye shule moja ya upande wa pili wa mji. Karani alimweka kwenye benchi karibu na vyoo kwa saa nzima, kisha akatoka na kusema mkuu wa shule ameona bei ipunguzwe kidogo, kwa sababu kitambaa ni chepesi.

"Kitambaa mlinipa nyinyi," alisema fundi.

"Ndiyo, lakini ni chepesi," alijibu karani, akahesabu noti pungufu, akamsainisha. Kisha, kwa kumliwaza, akaongeza, "Tuvumiliane, mama. Tungefunga wiki iliyopita, mitihani ikasogezwa. Kesho ndiyo tunafunga. Hata mpiga picha wetu analalamika."

Fundi alitoka nje na hasira zake zimekunjwa vizuri kifuani kama nguo za kupelekwa kwa mteja. Uani, watoto wa darasa la kwanza walipangwa mbele ya shuka jeupe. Mama mmoja mnene, mwenye kofia ya jua na filimbi shingoni, alikuwa akiwapiga picha za vitambulisho, mmoja mmoja. "Kidevu juu! Si hivyo, wewe, utaonekana umesinzia! Anayefuata!"

Fundi alisimama. Mkanda wa kamera ulikuwa wa bluu, wa kitambaa cha bitana, umeshonwa mara mbili kwa uzi wa njano kwa sababu siku ile uzi wa bluu ulikwisha. Alikuwa ameushona yeye.

"Wewe mama! Hiyo kamera umeitoa wapi?"

Yule mama hakugeuka. "Picha za wazazi ni baada ya mapumziko."

"Sitaki picha. Nataka kamera. Hiyo ni ya mume wangu."

Darasa zima la kwanza likashusha videvu. Yule mama akageuka, akamkagua fundi toka kandambili mpaka kilemba. "Dada, una akili timamu? Hii ni yangu. Nimeinunua kwa jasho langu mara saba!"

Fundi alikuwa amekwisha fungua mdomo apige ukelele wa mwizi, na kwa mapafu yale shule nzima ingetoka madirishani. Lakini lile neno la mara saba likamzuia. Mwizi haibi kitu kimoja mara saba.

"Umesema mara ngapi?"

"Saba. Muulize Mzee Vioo, yule mwenye duka."

"Sisi pia," alisema fundi, na sauti yake ikawa ndogo ghafla. "Jana ilikuwa iwe ya saba."

Yule mama akapuliza filimbi. "Watoto, mapumziko!"

Walikaa kwenye stoo ya chaki. Shule tatu zilimjua mama huyu kwa jina la Mama Vitambulisho. Mjane, mwenye chumba cha kupanga na watoto wawili wa kiume wenye njaa ya wanaume wanne. Shule zikifunguliwa alikuwa na kazi mpaka usiku. Zikifungwa hakuwa na senti, na mwenye nyumba hakujua maana ya likizo. Kwa hiyo kila shule zilipofunga aliiuza kamera, elfu arobaini, kodi ya chumba. Zilipofunguliwa aliinunua tena, elfu themanini.

"Mara ya kwanza aliniambia ni mali ya marehemu," alisema.

"Marehemu gani?"

"Mwenyewe. Alisema mwenye kamera amefariki na familia inauza kwa uchungu."

"Marehemu huyo," alisema fundi, "leo asubuhi amekula vipande vinne vya mkate na kuuliza kama kuna cha tano."

Mama Vitambulisho alitaka kucheka akajizuia. Bado alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili. "Mimi nilimwona mzee yule kama baba. Kila nikirudi, kamera ipo, imenisubiri. Hata mkanda wa zamani ulipokatika alinishonea huu. Nilimwambia, mzee, una mkono wa kushona!"

"Nani ana mkono?" Fundi alisimama. "Yule mzee ambaye kifungo cha shati lake amekishikiza kwa pini? Huo mkanda ni wangu! Tazama hapo mwisho, mshono wa kurudi, mjini hapa nani mwingine anafunga hivyo?"

"Basi na kamfuko haka ka betri ni kangu! Nilikashona kwa sindano ya mkono, nikajidunga mara tatu."

"Hako?" Fundi alikavuta karibu na macho. "Mume wangu alipokaona alisema mzee amemhurumia. Akaenda kumpiga picha ya bure, akaitia fremu ya dhahabu, fremu ya kununua!" Akakageuza kamfuko. "Lakini mshono umekwenda kombo, mwenzangu."

"Mimi si fundi."

"Naona."

Hapo ndipo walipoanza kucheka, mpaka karani akachungulia mlangoni akidhani kuna mgonjwa. Fundi alipofuta machozi alikuwa mtu mwingine. Aliokota kipande cha chaki sakafuni, akaandika juu ya boksi.

"Sikiliza. Wewe kesho unahitaji ngapi?"

"Arobaini. Mwenye nyumba anakuja jioni. Ameapa safari hii atabadilisha kufuli."

"Sisi shule zikifunguliwa tunahitaji arobaini ya ada. Sasa tazama. Kesho sisi tunakupa arobaini, unalipa kodi, kamera inakuja kwetu, tunafanya harusi za likizo. Shule zikifunguliwa wewe unatupa arobaini, tunalipa ada, kamera inakuja kwako, unafanya shule zako. Arobaini ni zile zile. Zinakwenda na kurudi."

"Na mzee?"

"Mzee atakunywa maji."

Mama Vitambulisho alitazama zile tarakimu kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akasema jambo la haki. "Mimi sikujui, dada. Nikikupa kamera, shule zikifunguliwa nikakuta umehama?"

"Na mimi nikikupa arobaini leo, kesho usije?"

Mtu aliyekwisha uziwa mali yake mwenyewe mara saba haamini hata kivuli chake. Walipeana mikono hivyo hivyo, kwa mashaka: kesho saa nane mchana, chumbani kwa fundi.

*

"Haiwezekani," alisema Mpiga Picha jioni ile. "Mzee ananiita mwanangu."

"Kuku naye huitwa kwa sauti tamu, mkwe wangu," alisema Bibi, "na mkono wa pili umeficha kisu mgongoni."

Fundi alitandika kitambaa cheusi mezani, akaandika kwa chaki yake ya kushonea. Sisi tunauza arobaini, tunanunua tisini. Yeye ananunua themanini, anauza arobaini. Akachora mstari. Hamsini zetu, arobaini zake: tisini. Kila muhula. Kwa kamera moja, na birika la umeme kushika nafasi.

Mpiga Picha alikitazama kitambaa kile kama mtu anayetazama picha ya kikundi na kugundua kwamba yeye ndiye aliyefumba macho. Ada ilikuwa arobaini. Ili kuipata hiyo arobaini siku ya kwanza ya shule, alikuwa akilipa hamsini mwisho wa muhula. Miaka miwili na zaidi. Na akasema asante. Na akapeleka fremu.

"Ya dhahabu," alisema kwa sauti ya chini.

"Tulikwambia ununue ya mbao," alisema Bibi.

Katika mji ule hakukuwa na ubaya mkubwa uliofanywa kwa kelele. Wanaonyang'anya kwa kelele hukamatwa. Mzee Vioo hakupiga mtu, hakughushi karatasi. Alikaa tu katikati ya watu wawili wenye shida, akahakikisha hawajuani. Kazi hiyo ina faida kuliko dhahabu, na wanaoifanya tunawaamkia shikamoo.

*

Ijumaa saa nane ilifika, Mama Vitambulisho hakufika. Saa nane na nusu, hakuna mtu. Saa tisa Mpiga Picha alikuwa amekwisha zunguka meza mpaka binti yake akamwomba akae, anamtia kizunguzungu.

"Hatakuja," alisema. "Na ningekuwa yeye nisingekuja. Anatujua sisi ni nani?"

Fundi alivaa viatu. "Chukua wembe."

Walimkuta dukani. Kamera ilikuwa juu ya kioo, mkanda wa bluu ukining'inia, na kando yake Mzee Vioo alikuwa amepanga noti, vizuri, kama mtu anayepanga karata. Mama Vitambulisho aliwaona, akainamisha kofia.

"Sikupanga," alisema. "Miguu imenileta yenyewe. Mwenye nyumba amekuja tangu saa sita, amekaa mlangoni na kufuli jipya mapajani. Nikaogopa."

"Karibuni, wanangu," alisema Mzee Vioo, na lazima tumpe sifa yake: hata jasho halikumtoka. "Kumbe mnafahamiana? Heri. Mwanangu, kamera yako hiyo, imetoka kwa fundi sasa hivi. Subiri tu nimalizane na huyu mama."

"Mzee," alisema Mpiga Picha, na sauti ilimtetemeka, kwa maana kumvunjia mzee heshima si kazi ndogo kwa mtu aliyelelewa vizuri. "Ulimwambia mimi nimekufa?"

"Nilisema... biashara ina lugha yake."

"Nimekufa, mzee?"

"Mwanangu, wewe uliniuzia. Nilikuja kwako na bunduki? Huyu mama, nilimvuta mkono? Mngekuwa na njia nyingine mngekuja kwangu? Mlikuja usiku na mvua, nikawafungulia. Leo mnanikunjia uso." Akamgeukia Mama Vitambulisho, akaongeza noti mbili juu ya zile. "Sitaki maneno. Nimekupa sitini. Sitini, mama! Kalipe kodi, watoto wale, wapate na viatu."

Sitini. Hakuwahi kulipa sitini tangu azaliwe. Mama Vitambulisho alizitazama zile noti, na kila mmoja pale aliziona nyuma ya macho yake zikigeuka kuwa mchele na viatu na mwezi mmoja wa amani. Mpiga Picha alijua kwamba angekuwa yeye angezichukua. Harusi ilikuwa kesho, saa nne asubuhi, na malipo ya awali hayakuwa yake tena kama hana kamera. Ingebidi ayarudishe, na neno lingezunguka mjini kwamba yule bwana hula pesa za maharusi.

Fundi ndiye aliyesema, taratibu, kama anauliza bei ya uzi. "Mzee, huyu mama akija siku ya kufungua shule, utamuuzia ngapi?"

"Hiyo... hiyo itategemea soko."

"Soko ndiyo nani?"

"Soko ni soko, binti yangu. Wanunuzi."

"Wepi? Kamera hii ni ya zamani kuliko gari la mkuu wa wilaya. Kuna mtu mwingine yeyote amewahi kuiulizia? Mmoja tu, mtaje."

Mzee Vioo alianza kuzipanga upya noti zake.

"Soko ni sisi wawili," alisema Mama Vitambulisho polepole, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Si ndiyo, mzee? Hakuna soko jingine. Ni mimi na huyu marehemu."

Mpiga Picha alikwisha kugeukia ukuta, akaufumua mfuko kwa wembe, haraka haraka, akakata na suruali kidogo. Akahesabu arobaini, akaziweka juu ya kioo, mbali na zile sitini. Mafungu mawili ya pesa yakakaa yanatazamana.

Mama Vitambulisho alichukua fungu dogo. Akavaa kamera shingoni kwake mwenyewe, akavuta kofia.

"Nitaileta mimi mwenyewe harusini," alimwambia Mpiga Picha. "Nusu yake ni yangu. Nataka niione unavyoishika."

"Arobaini badala ya sitini!" Mzee Vioo alisema nyuma yao, na kwa mara ya kwanza hakuwa akijifanya, alishangaa kweli. "Watu wa mji huu hawajui hesabu!"

*

Harusi ilikuwa nzuri, ikiwa hatutahesabu ugomvi wa wapiga picha. Mama Vitambulisho alifika saa tatu na nusu, kodi imelipwa, kamera kifuani, na hakuondoka. Alisimama nyuma ya bega la Mpiga Picha tangu kiapo mpaka keki.

"Jua liko nyuma yao. Utawatoa weusi kama sufuria."

"Mama, nafanya kazi hii mwaka wa tano."

"Na mimi wa tatu, lakini wangu hawatoki weusi. Wewe, bwana harusi! Kidevu juu!"

Na bwana harusi, mtu mzima mwenye kampuni, akainua kidevu. Mashangazi wa bibi harusi waliojikausha kila walipoelekezewa lenzi walimsikia na filimbi yake wakajikuta wamejipanga mstari, warefu nyuma, wafupi mbele, wakicheka wenyewe. Mpiga Picha alipiga. Alipoitazama ile picha alisema, "Simama pale pale ulipo. Endelea kuwapigia kelele." Baba wa bwana harusi alilipa iliyobaki bila kupunguza hata senti, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa kuwa alidhani yule mama mwenye filimbi ndiye mkubwa wa kampuni ya picha.

*

Siku ya kufungua shule Mzee Vioo aliliondoa birika la umeme kwenye rafu ya juu, akapangusa kioo, akakaa. Alisubiri mpaka saa tatu. Alisubiri mpaka saa nne. Watu walikuja na redio, na pasi, na saa za baba zao, kwa maana ada ni ada na mji ni mji. Lakini rafu ya juu ilibaki tupu. Saa tano alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alifunga duka, akatoka kwa miguu.

Aliwakuta kwenye ua wa ile shule ya upande wa pili wa mji, mbele ya shuka jeupe. Mama Vitambulisho alikuwa na kamera. Mpiga Picha, ambaye tangu alfajiri alikwisha kupokea zile arobaini, akalipa ada, akamwacha binti yake amekaa darasani kama watoto wa watu, alikuwa ameshika ncha moja ya shuka ili upepo usiliinue. Fundi alikuwa ameshika ncha ya pili, kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikuwa akiwashikizia watoto kola zilizofumuka. Mstari wa wanafunzi wapya ulifika mpaka langoni.

"Hamjambo, wanangu," alisema Mzee Vioo.

"Shikamoo, mzee," walimjibu wote watatu, maana adabu haina likizo.

"Nimewasubiri. Nikasema labda kuna mgonjwa." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Tusifichane. Nimefikiri. Mimi si mtu mbaya. Nitawapa mia moja. Leo, mkononi. Mia, kwa kamera kuukuu. Mtagawana hamsini hamsini, na kila mtu atatafuta mpya yake."

Shuka lilipigwa na upepo. Mpiga Picha alimtazama Mama Vitambulisho, na Mama Vitambulisho alimtazama Mpiga Picha. Mia moja ni pesa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na viatu visivyoshonwa. Mtoto aliyekuwa kwenye kigoda, amekaza kidevu juu tangu mzee alipoanza kusema, alianza kutetemeka shingo.

"Mia na ishirini," alisema Mzee Vioo.

"Mzee," alisema Mama Vitambulisho, jicho limekwisha rudi kwenye kamera, "sogea kidogo kushoto. Umetuzibia mwanga."

Akasogea.